Mfuko wa Shati la Pontien

Nyie akina mama wa Majengo mliokubali kupokea wanafunzi mwezi wa sita, nasikia mnapaka nyumba chokaa na kuazima vyandarua. Sawa, pakeni. Lakini kabla ya yote nisikilizeni mimi, kwa sababu chokaa nilipaka, chandarua niliazima, na bado nilimharibia mtoto wa mwenzangu kitu ambacho hakiuzwi duka lolote.

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Mwalimu Gelasius, aliyekuwa akifundisha sekondari ya watoto wetu, alikuwa amekubaliana na walimu wenzake wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi: wanafunzi wanane wa hapa Mpanda mjini waende wakakae wiki tatu na familia za kule, na wanane wa kule waje kukaa kwetu. Alisema ni aibu, watoto wanaishi mwendo wa lori moja, halafu wanajuana kwa matusi tu. "Watoto wetu wanawaita wenzao wakimbizi," alisema kwenye kikao, "na hao wenzao wamezaliwa hapahapa, baada ya wazazi wao kufika mwaka sabini na mbili." Mume wangu Fabiani akanyoosha mkono. Mimi wa kwangu niliukalia.

"Sila wangu atakula nini kule?" nikauliza. Sila ni Sylvanus, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa kidato cha nne.

"Na mama wa kule anauliza hivyohivyo, Mama Sila," Mwalimu akajibu, watu wakacheka.

Kwenye kikao hicho hicho Mwalimu alieleza habari ya vibali. Mtu wa Katumba alikuwa hatoki kwenye makazi bila karatasi ya ofisi, yenye picha yake na muhuri, inayosema anakwenda wapi na anarudi lini. Akatuambia sisi wenyeji tuhakikishe karatasi hizo hazipotei. Nilisikia. Nisiseme sikusikia. Ila moyoni nilisema, zipotee wapi, kwani ni kuku? Nikarudi kwenye mawazo yangu ya shuka la Sila, kama nimpe lile zito au jepesi.

Siku ya kubadilishana, lori lililomleta mgeni ndilo lililomchukua wangu. Huyu anashuka, yule anapanda, hata hawakupeana mkono vizuri. Tangu dakika ile sikutulia tena. Niliingiwa na wazo moja ambalo halikunitoka wiki tatu zote: nitakavyomfanyia huyu, ndivyo anavyofanyiwa wangu. Nikimpa paja la kuku, namwona Sila kashika paja. Akikohoa huyu, nasikia kifua cha Sila. Sikuwa nampenda bado, niseme kweli. Nilikuwa naogopa.

Jina lake Pontien. Kijana mrefu, mpole, kitu chochote anapokea kwa mikono miwili. Alikuwa na shati moja la kutokea, jeupe, lenye mfuko kifuani. Siku ya pili tu aliamka kabla yangu, nikamkuta uani kashika jembe.

"Weka chini, baba."

"Mama, nilime hapo kwenye mihogo kidogo."

"Mgeni halimi nyumbani kwangu. Kaa kwenye kiti."

"Mimi nimezoea, mama. Kwetu saa hizi tuko kwenye tumbaku."

"Huko kwenu. Hapa kaa."

Akakaa. Alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikaona hivyo ndivyo mgeni anavyotakiwa kukaa. Jirani yangu Mama Agape, ambaye ukuta wetu ni mabua tu kwa hiyo hakuna asichokiona, akapaza sauti kutoka kwake:

"Wewe Mama Sila! Umefuga bwana harusi? Mwache kijana anyooshe mgongo!"

"Hayakuhusu. Sila wangu naye huko anakaa kwenye kiti."

"Sila? Sila huko ameshaota malengelenge, mimi nakwambia."

Alikuwa ananitania, lakini niliacha kupeta mchele. Malengelenge! Jioni yake nikampa Pontien mayai mawili.

Halafu nikaona kitu. Kila baada ya muda kidogo mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda kifuani, unagusa hapo penye mfuko, unashuka. Akisimama, anagusa. Akitoka chooni, anagusa. Akipita mtu mwenye sare hata awe mgambo wa soko, anagusa mara mbili. Mimi nikasema tayari, mtoto wa watu ana kifua.

"Kifua kinakubana, baba?"

"Hapana, mama."

"Usinifiche. Nakuona unavyojishika."

"Ni mazoea tu, mama."

Sikumwamini. Nilichemsha majani ya mkaratusi sufuria nzima, nikamfunika blanketi, nikamwambia avute mvuke. Akavuta. Alitoka humo amelowa jasho, macho mekundu, akasema ahsante mama. Na mkono ukapanda kifuani tena, kwa haraka, kuangalia kama mvuke haujaingia mfukoni. Ingetosha hapo kuelewa. Sikuelewa.

Lile shati alikuwa analifua mwenyewe, Jumamosi, kabla jua halijachomoza, halafu anakaa na fulana mpaka likauke. Mara moja nilimkuta anafua huku kitu cheupe kimebanwa midomoni. Nikadhani mswaki. Nikamwambia, "Lete nifue mimi." Akakataa. Nikakasirika kimoyomoyo, nikajiuliza kama Sila naye kule anafua mwenyewe, au wamemwachia nguo zinanuka. Maana kwetu Wapimbwe mgeni harudi kwa mama yake na uchafu wa nyumba yako. Siku za mwisho unachukua nguo zote alizokuja nazo, unafua, unapiga pasi, unakunja, juu yake unaweka kitu kidogo, karanga au mchele. Mama mwenzako akifungua begi anajua mtoto wake alikaa kwa watu.

Wangeondoka Jumamosi. Alhamisi Fabiani, ambaye alikuwa akifanya kazi ya mizigo stesheni, alisema yeye amechoka kumwona kijana anakaa kama picha ukutani.

"Twende, Pontien. Leo kuna mabehewa ya kupakia mahindi. Vaa ovaroli yangu hii ya zamani, shati lako lisichafuke."

Mngemwona! Alivyoruka! Wiki tatu nzima sikuwahi kuona meno yake mpaka siku hiyo. Alivua shati, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa ovaroli iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu, wakatoka mbio. Kwa furaha ya kupewa kazi akasahau mfuko wake. Kama ningemwachia lile jembe tangu siku ya pili, sidhani kama angesahau. Hilo nalo ni langu.

Nikasema leo ndiyo leo. Nikatoa karai, nikakata sabuni ya mche, nikatumbukiza nguo zake zote, shati likiwa la kwanza. Nilifikicha kwa nguvu, kola, kwapa, mfuko. Povu likageuka rangi ya zambarau. Nikashangaa, shati jeupe linachuja vipi? Nikaingiza vidole mfukoni. Nikashika kitu kama tonge la uji.

Nilijua kabla sijakitoa. Nikakaa chini, penye maji.

Nilikitandaza kwenye ungo, kipande kwa kipande. Maandishi yalikuwa yameenda. Muhuri ulikuwa umeenda kwenye povu. Picha ilibaki sikio moja na kola. Niliweka mkaa kwenye pasi nikajaribu kukausha juu ya kitambaa, vipande vikashika kitambaa, vikachanika zaidi. Mama Agape akachungulia.

"Unapiga pasi ungo?"

"Niache, mama wee."

Safari hii hakucheka. Aliingia uani, akaangalia, akashika mdomo. "Ni ile karatasi yao?" Nikaitikia kwa kichwa. "Mwambie kijana mapema," akasema. "Usimsubirishe."

Na hapa ndipo kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Sikumwambia. Nilisukuma ungo chini ya kitanda. Shati nikalikausha, nikalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe, nikalirudisha kwenye msumari uleule. Nikachinja kuku. Kama vile kuku angerudisha muhuri.

Walirudi alasiri, Pontien ana vumbi la mahindi mpaka kwenye kope, anasimulia kwa mikono jinsi gunia lilivyotaka kumwangukia Fabiani. Akaoga. Akaingia ndani, akavaa shati. Mimi nilikuwa jikoni lakini nilisikia kiganja chake kikipapasa mfuko.

Alipotoka nikasema, bila kumwangalia, "Wali umeiva."

"Nakuja, mama."

Akaangalia nyuma ya mlango. Akaangalia chini ya mkeka. Alikuwa anatafuta kwa adabu, ananyanyua kitu, anakirudisha palepale kilipokuwa. Hakuniuliza. Mtoto hakutaka nione kama ananishuku. Na mimi nikamwacha atafute. Wali ukapoa. Jamani, nilimwacha atafute huku najua kilipo.

Fabiani ndiye aliyeuliza. "Unatafuta nini, kijana?"

"Kibali, baba. Kilikuwa kwenye shati."

Fabiani aligeuka, akaniangalia mimi, si yeye. Tulikuwa tumekaa naye miaka ishirini, haniulizi mara mbili. Nikaenda chumbani nikavuta ungo, nikauweka mezani kati ya wali na kuku.

Pontien akaangalia lile sikio lake. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Nilitaka kukufulia," nikasema.

"Najua, mama."

"Si tutawaambia tu? Tutasema mama wa Majengo alikifua."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kila anayepoteza anasema kimefuliwa, mama. Wameshazoea kusikia." Halafu akaeleza, akiongea na ungo zaidi kuliko na sisi. Mwezi wa kumi alikuwa afanye mtihani wa kidato cha nne, na shule yao haikuwa na kituo cha mtihani, ilibidi waende Tabora. Kwenda Tabora ni kibali. Na yule ambaye faili lake limeandikwa kwamba alipoteza kibali cha kwanza, cha pili kinaulizwa sana, kinakaa mezani, wakati mwingine hakitoki. Kaka yake ndivyo ilivyokuwa. Kaka yake alikuwa analima tumbaku na alikuwa na akili kuliko yeye.

"Kwa hiyo mtihani," Fabiani akasema.

"Ndiyo, baba. Mtihani."

Kuku hakuliwa na mtu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Enoka, ambaye mgeni tulimwandikisha kwake. Alivaa miwani, akatazama ungo, akavua miwani. "Mama Sila, ingekuwa mambo ya mtaa ningekuandikia sasa hivi. Hiki si changu. Nikiandika watasema huyu balozi anaota." Nikakimbilia kwa Mwalimu Gelasius. Huyo aliandika barua nzuri, akaisoma kwa sauti, halafu akaweka kalamu.

"Barua yangu inasema nimeambiwa. Mimi sikuona. Aliyeona ni mmoja tu."

"Nani?"

"Wewe, mama."

Nilirudi nyumbani nikazungukazunguka uani. Nilikunja shuka, nikalikunjua. Kuvuka kizuizi cha Katumba nilikuwa sijawahi, na kusimama mbele ya mtu mwenye faili nilikuwa nakuogopa tangu utoto. Mama Agape akauliza kwa juu ya mabua, "Unaenda?" Nikasema sijui. Akasema, "Sila naye yuko upande ule wa kizuizi. Ingekuwa yeye?" Akaondoka. Huyu mwanamke!

Jumamosi nilipanda lori na Mwalimu Gelasius na wale wanafunzi wanane, ungo nimeufunga kwenye kanga, nimeupakata kama mtoto mchanga. Kondakta akauliza, "Mama, unaenda kupepeta Katumba?" Watoto wakacheka. Pontien hakucheka, akanisogezea nafasi nisiegemee chuma.

Kwenye kizuizi mtu mwenye bunduki alipanda, akakusanya vibali. Saba vikatolewa. Akafika kwa Pontien.

"Chako?"

"Kiko kwangu," nikasema, nikafungua kanga. Akaangalia ungo, akaniangalia.

"Na chako wewe cha kuingia kiko wapi, mama?"

"Changu?"

"Huku haingii mtu hivihivi. Shuka. Shukeni wote wawili."

Nimezaliwa Mpimbwe, nimeolewa Mpanda, sijawahi kuulizwa na mtu karatasi ya kusimama juu ya ardhi. Mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe kifuani, ukapapasa, hakuna kitu. Ndiyo nikaelewa kifua cha Pontien.

Lori likaenda na wengine. Mwalimu Gelasius, mwenye barua yake ya ruhusa, alisema anamfuata karani wa ofisi. Sisi tukawekwa kwenye benchi, juani. Nilikuwa nageuza shingo kila likisikika gari.

"Mama," Pontien akasema kwa sauti ya chini, "usiangalie sana njia. Ukiangalia njia wanadhani unataka kukimbia. Angalia miguu yako."

Nikaangalia miguu yangu. Tukakaa hivyo mimi na yeye, tunaangalia miguu, mpaka kivuli cha benchi kikahama. Kuna wakati akauchukua ungo, akaushika yeye, akasema nimechoka, vipande vitadondoka.

Karani alikuja na baiskeli, faili limefungwa nyuma kwa mpira. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye njaa aliyetolewa nyumbani Jumamosi. Akasoma barua ya Mwalimu, akafungua faili, akaandika mstari.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"Ya kazi, mama."

"Nisomee."

Akashusha pumzi. "Amepoteza kibali."

"Hakupoteza. Nimekifua."

"Mama, ni yaleyale. Kibali hakipo."

"Si yaleyale! Aliyepoteza ni mzembe. Huyu alikitunza wiki tatu, alikuwa anafua na karatasi mdomoni, mpaka nikadhani ana ugonjwa wa kifua nikamfukiza mkaratusi. Mzembe ni mimi. Niandike mimi."

Yule wa bunduki akacheka. "Alikufukiza?" akamuuliza Pontien. "Ndiyo, afande," Pontien akajibu, macho bado kwenye miguu, na nikaona anabana mdomo asicheke.

Karani hakucheka. "Nikiandika kwamba kimeharibiwa na mwenyeji wake, nahitaji maelezo kwa mkono wako, na sahihi. Yakitokea maswali utaitwa wewe. Hata kama ni mwakani."

"Niitwe."

"Fikiria, mama. Una watoto."

"Ndiyo maana."

Akanipa karatasi. Niliandika juu ya goti: jina langu, mtaa, siku, karai, sabuni, saa ngapi. Niliandika pia kwamba nilificha ungo chini ya kitanda na mtoto akatafuta bure. Karani alisoma hapo akanyanyua uso, akasema hilo halihitajiki. Nikamwambia liache. Akabandika kile kipande chenye sikio na kola pembeni ya maelezo yangu, akakata neno "amepoteza" kwa rula, akaandika juu yake "kimeharibiwa na mwenyeji, tazama maelezo". Akanigeuzia faili nione.

"Nimeandika. Kama atapewa cha Tabora au hapewi, hilo si langu kulisema."

Pontien akachukua begi lake. Alinishukuru kwa mikono miwili kama siku ya kwanza, ahsante ambayo sikustahili, akatembea kuingia ndani, hana haraka, mkono wa kulia ukipanda na kushuka penye mfuko mtupu.

Lori lilirudi na watoto wetu. Sila alikuwa juu, mweusi kwa jua, mabega yamepanuka. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyokauka, na alinionyesha kwa majivuno. Nilimuuliza kwa nini mama yake Pontien hakumsindikiza, nilitaka kumwona. Akasema, "Alitaka kuja, mama. Ila kizuizini hapapendi."

Nyumbani nikafungua begi. Nguo zote zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Juu kuna maharage kwenye kitambaa. Na juu ya maharage kuna nailoni ndogo, imefungwa mara tatu kwa uzi wa katani. Nikafungua. Karatasi ya pipi. Tiketi ya mpira iliyochanika. Kipande cha daftari chenye majina ya wachezaji. Risiti ya kalamu kutoka duka la hapa mtaani. Zote zimenyooshwa, kavu kabisa.

"Hizi nini?"

"Takataka zangu za mifukoni," Sila akasema. "Kila akitaka kufua ananiita. Ananiuliza, hii ni ya muhimu? Namwambia hapana mama, tupa. Anasema hapana, siku hizi huwezi kujua watakuuliza nini."

Kuanzia pale mpaka mwezi wa kumi kila Jumapili nilikuwa namvizia Mwalimu Gelasius nje ya kanisa. "Bado," ananiambia. Wenzake Pontien walipata vibali mwezi wa nane. Yeye, bado. Mwezi wa tisa, bado. Nilikuwa sipiki bila kuunguza. Chake kilitoka siku mbili kabla ya mtihani, na alifika Tabora asubuhi ya karatasi ya kwanza, na vumbi lake. Alifaulu, lakini si kama walimu wake walivyotarajia. Sijui ni siku ngapi za kusoma alizozimaliza kwenye benchi la ofisi akisubiri. Mimi najua tu zilianzia kwenye karai langu.

Basi, mtoto akiingia kwako muulize karatasi yake iko wapi, na mtafutie mahali pa kuiweka. Akitaka jembe mpe. Na kabla maji hayajagusa nguo, ingiza mkono mfukoni, halafu mwite mwenyewe aje aone.

Ile nailoni ninayo kabatini. Sila ni mtu mzima sasa, ananicheka, anasema tupa hizo, mama. Sijatupa.